Uzi: Hoteli ya ufukweni isiyopokea watoto, "rafiki wa mazingira", yenye spa. Kabla hujalipa, kaangalie nyuma ya jiko

FundiWaJua (mleta uzi)

Wakuu, salamu. Bandiko ni refu, mwenye haraka ashuke mpaka kwenye bei halafu arudi kusoma akipata nafasi.

Siku hizi ukifungua simu tu unakutana na tangazo: hoteli ya ufukweni, rafiki wa mazingira, watu wazima pekee, spa, utulivu. Zanzibar ziko nyingi, na sasa mtindo huo umeanza kuvuka mpaka huku kwetu Dar, hasa ng'ambo ya Kigamboni, ukiipita Gezaulole na kuendelea kusini. Mke wangu aliipenda mojawapo, tukaenda kulala wikiendi. Jina sitaji, na msinifuate inbox. Kuna mahali nitaisifu na mahali nitaiponda, sitaki mtu aseme nimelipwa na mwenye hoteli au nimetumwa na jirani yake.

Nitangulize kazi yangu, maana ndiyo iliyonisukuma kuandika: nafunga mifumo ya sola. Watu wengine wakifika hoteli wanaangalia shuka. Mimi naangalia paa, halafu naenda kutafuta jenereta imefichwa wapi.

Tuanze na tangazo lenyewe. Walikuwa na picha nzuri ya jua likizama baharini. Wakuu, ufukwe wa kusini mwa Kigamboni unatazama mashariki. Jua linachomoza baharini, linazamia nyuma yako, kwenye minazi na mashamba ya watu. Ukiona hoteli ya upande huo inauza machweo ya baharini, ujue picha imepigwa kwingine na waulize vitu vingine vyote mara mbili. Macheo yake lakini ni ya kweli, na ukiamka saa 12 asubuhi hulipii chochote cha ziada.

Tulifika, mapokezi wakaomba vitambulisho vya NIDA, vyote viwili. Masharti yao ni kwamba chini ya miaka 16 haingii hata kwa chakula cha mchana. Vyumba ni vibanda vya makuti vilivyopeana nafasi, chandarua, feni, hakuna kiyoyozi, hakuna televisheni. Baa haipigi muziki. Hilo la mwisho mke wangu aliliuliza mara tatu kwenye simu, kwa sababu tunakaa mtaa wenye baa pande zote na anajua "muziki wa taratibu" wa Dar maana yake nini.

Na hapo ndipo niseme wazi: utulivu upo. Unasikia mawimbi, unasikia kunguru (kunguru hawajui kama hoteli ni ya watu wazima), basi. Unacholipia pale kwa sehemu kubwa ni vitu visivyokuwepo. Mimi sioni ubaya. Ila kitu kisichokuwepo ni rahisi kukidanganyia, na ndiyo maana nikaenda nyuma.

Kabla ya nyuma, hesabu ndogo, kwa sababu watu wengi hudhani hoteli kukosa kiyoyozi ni ubahili. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba tukikadiria kinakula wastani wa uniti 0.8 kwa saa. Vyumba 12, saa 10 za usiku, hizo ni uniti 96. Paneli moja ya wati 450 kwa jua la Dar, ukitoa upotevu, inakupa kama uniti 1.9 kwa siku. Kwa hiyo unahitaji paneli kama 50 kwa ajili ya viyoyozi tu, na betri za kuhifadhi umeme wote huo mpaka usiku, na betri ndiyo hela yenyewe. Sasa weka feni za wati 60 kwenye vyumba vilevile, saa zilezile: uniti 7.2. Paneli 4 zinatosha. Ukikuta hoteli inakuambia "asilimia mia sola" na kila chumba kina kiyoyozi kinachounguruma usiku kucha, na juu ya paa unahesabu paneli nane, mwenye nyumba anakutania.

Hii yetu paneli zilikuwepo, nyingi na zimefungwa vizuri, zimeelekezwa kaskazini kidogo kama inavyotakiwa, vishikizo vya chuma kisichoshika kutu. Nilifurahi. Chumvi ya bahari inakula chuma cha kawaida haraka mno. Nimeshaitwa kwenye nyumba ya ufukweni nikakuta boliti zimeisha zimebaki alama.

Halafu jioni, kama saa 1, nikasikia mlio wa chini kutoka upande wa jiko. Meneja, kijana mstaarabu, nilimwambia kazi yangu akanipeleka mwenyewe. Nyuma ya uzio wa makuti kuna jenereta kubwa ya dizeli. Akasema ni ya dharura. Nikaweka mkono karibu: ya moto, na kidumu cha mafuta pembeni nusu. Akacheka, akasema ukweli: mashine za kufulia, majokofu ya samaki na pampu ya bwawa vinazidi betri, kwa hiyo inawashwa karibu kila jioni mpaka saa 4. Kwenye tangazo hakuna jenereta.

Simlaumu kijana. Na kusema kweli hoteli inayowasha dizeli saa tatu kwa siku ni afadhali sana kuliko ile inayowasha ishirini. Lakini andika hivyo basi.

Maji. Kisima, yana chumvi kidogo, sabuni haitoi povu, nywele za mama zikawa ngumu. Hilo ni la kawaida pwani. Bwawa ndiyo habari. Lina mita 10 kwa 5, kina kama mita 1.4, hiyo ni lita 70,000. Maboza 7 ya lita 10,000. Meneja anasema hawalijazi upya mara kwa mara, wanaongezea tu yanayopotea kwa jua. Nakubali. Ila bahari ipo hatua chache mbele, ya bure.

Bafuni wameweka kikaratasi kuomba usitumie taulo mpya kila siku, sawa. Maji ya kunywa kwenye chupa za kioo zinazojazwa, hakuna chupa za plastiki, hilo nalisifu. Lakini pia kulikuwa na bango linajisifu kuwa hawatumii mifuko ya plastiki. Wakuu, mifuko hiyo imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 1, 2019. Hoteli kujisifia hilo ni kama mtu kujisifia kwamba haibi.

Chakula: samaki changu wa kukaanga na wali wa nazi, pweza, saladi. Kizuri sana. Asubuhi walileta mbegumbegu na mtindi kwenye bakuli la kifuu, nikaomba chapati na supu, zikaja bila maneno.

Spa iko kwenye kibanda kilicho wazi upande wa bahari. Masaji ya saa moja, mafuta ya nazi, dada mwenye mikono inayojua kazi. Mke wangu alitoka pale hataki kuongea na mtu, mimi pia nikiwemo. Bei: chumba 420,000 kwa usiku, watu wawili, kifungua kinywa na chakula cha usiku ndani. Masaji 90,000 kwa kichwa, nje ya bei hiyo.

Ningerudi? Ndiyo, Julai. Februari hapana, na sababu nitaieleza mkiuliza. Karibuni.

KatizaMtaa

Laki nne na ishirini kulala na FENI? Mkuu mimi ghetoni nina feni mbili, njoo na shemeji nitawalaza kwa elfu hamsini, na muziki nitazima.

MamaWawili

Asante kwa uzi wenye nyama. Mimi ni mama, nina wawili wadogo, na nimeshawahi kulala hoteli ya namna hii, watoto wakabaki kwa bibi yao Mbagala. Nilichokifanya ni kulala. Sikuogelea, sikuenda spa, nililala mchana na usiku nikaamka kula. Anayesema ni anasa hajawahi kunyonyesha.

Mzazi Kamili

Naona wote mnashangilia. Mimi jambo hili linanikera. Mswahili anapumzika na familia yake. Tangu lini mtoto akawa uchafu wa kufagiwa mlangoni? Leo watoto, kesho watasema wazee wanakohoa sana. Tunaiga kila kitu.

FundiWaJua

Mzazi Kamili, hoja yako naiheshimu na hata mzee wangu aliniuliza vivyo hivyo, kwamba hoteli gani hiyo inayokataa wajukuu. Lakini tembea kwenye ile hoteli uone ilivyojengwa. Bwawa halina uzio. Sebule ya juu ina sakafu ya mbao na kamba badala ya ukuta. Usiku njia zina taa hafifu za chini. Mtoto wa miaka mitatu pale ni msiba unaosubiri saa yake. Kuifanya salama kwa watoto wangehitaji kuta, uzio, taa, mlinzi wa bwawa, na hapo inakuwa hoteli nyingine kabisa. Za familia zimejaa kuanzia Mbezi Beach mpaka Kunduchi, zenye bembea na kila kitu. Moja kwa kumi ikikaa kimya si vita.

Jasiri wa Msasani

Tusizungukane. Watu wazima pekee, hakuna televisheni, vibanda vimepeana nafasi, hakuna anayemwona mwenzake. Hiyo ni hoteli ya michepuko yenye sola.

MamaWawili

Jasiri, michepuko hailipi laki nne kwenda mbali hivyo na kuacha namba ya NIDA mapokezi. Zipo za karibu huko mjini na wewe unazijua.

Jasiri wa Msasani

Nimetoka kwenye uzi.

NahodhaMstaafu

Wanangu, mmeongea sola, mmeongea taulo, hakuna aliyegusa maji ya bahari. Nimeendesha vyombo pwani hii umri wangu wote wa kazi, niwape kitu ambacho mapokezi hawatawaambia.

Ufukwe wa ng'ambo una sehemu nyingi ambazo maji yakipwa yanaenda mbali sana. Unalipa hoteli ya bahari, unaamka, bahari haipo. Kuna matope, majani, miamba na akina mama wanaokota chaza. Watu hukasirika wakadhani wamedanganywa. Hujadanganywa, hukuangalia mwezi.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani siku ya kwanza na kama ya 14, 15, ni bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana. Kwa pwani ya Dar, siku za bamvua maji hujaa kama saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Maana yake ukishamaliza chai ya asubuhi na kuvaa nguo ya kuogelea, maji ndiyo yameondoka. Unasubiri mpaka alasiri. Mwezi ukiwa nusu, kama tarehe 7, 8 na 22, 23 ya mwezi wa kuandama, ni maji mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana, na kujaa kwake kunaangukia kama saa 4 asubuhi. Hizo ndizo siku za mtu wa hoteli. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kama dakika 50.

Kwa hiyo anayetaka kuogelea asubuhi aweke nafasi nusu mwezi. Anayetaka kutembea juu ya mwamba aone samaki wa rangi kwenye vidimbwi, aende bamvua, asubuhi, na viatu. Viatu nasisitiza. Nungu wa baharini hana ubaguzi wa umri, mkubwa kwa mdogo anachoma.

FundiWaJua

Mzee wangu, shikamoo. Hili ndilo nililotaka mtu alete. Sisi tulienda karibu na mwezi mpevu na kweli asubuhi tulikuta mchanga mpaka upeo wa macho. Jioni maji yakaja mpaka ngazini.

NahodhaMstaafu

Marahaba. Jioni ya bamvua ndiyo ya kuogelea, lakini yakianza kutoka usiende mbali, hasa penye mlango wa mkondo. Maji ya bamvua yakitoka yanatoka na mtu.

BintiSingo

Nimecheka hapo kwenye masaji ya elfu tisini. Mimi kazi yangu ni kuwaandaa maharusi, Temeke, Ilala, mpaka Unguja wananiita. Nimewahi kuitwa na hoteli moja ya ufukweni niwafundishe wasichana wao. Wana vitanda vizuri, taulo nyeupe, mishumaa. Halafu wanamsugua mteja na chumvi na unga wa kahawa kutoka kwenye kopo la nje ya nchi!

Dada zangu, pwani hii ina singo. Asumini, mawaridi, mrehani, karafuu, liwa, vinasagwa, vinachanganywa na marashi, mtu anasuguliwa taratibu ngozi ya zamani inatoka yote, halafu mafuta ya nazi, halafu anafukizwa udi. Akitoka hapo nyumba nzima inajua ametoka. Bibi zetu wamefanya kabla hakujawa na hoteli. Na vyote hivyo vinaoza vikarudi ardhini, hakuna kopo la plastiki. Kama wanataka kuwa rafiki wa mazingira, waanzie hapo, karafuu ipo Pemba na nazi iko juu ya paa lao.

Niliwaambia. Wakasema wageni hawajazoea harufu kali. Nikawaambia wekeni kwenye orodha muone. Waliweka, na sasa naambiwa ndiyo inayoagizwa zaidi, na wanaitoza zaidi kuliko ya kahawa.

Tahadhari moja: mwenye ngozi laini au mjamzito aseme mapema. Karafuu ikizidi inaunguza, na aliyenyoa siku hiyo asithubutu.

KatizaMtaa

BintiSingo wanaume mnatupokea?

BintiSingo

Kwa mke wako kukusugua, nitamfundisha. Mimi hapana, kaka.

MpimaArdhi

Naleta upande wa ardhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, kingo za mto na ziwa. Mnaposoma "chumba hatua kumi kutoka majini" mjue mnasoma nini. Hatua kumi ni mita saba, nane.

Watu huona sheria hiyo kama usumbufu wa NEMC, baraza la taifa la mazingira, lakini sisi wa Dar tuna somo la wazi. Kituo cha Africana kwenye Barabara ya Bagamoyo kilipata jina kwenye hoteli iliyokuwa ufukweni huko, na bahari iliila. Kule Kunduchi ufukwe umekuwa ukimeguka kwa miongo. Sehemu ya sababu ni mchanga: mito midogo inayoshuka upande ule ndiyo inayoleta mchanga wa kujaza ufukwe, na mchanga huo tumeuchimba kujengea nyumba. Mto haupeleki, bahari inachukua. Halafu kila mwenye hoteli anajenga ukuta wake wa mawe, wimbi likigonga ukuta linakwenda kula kwa jirani, jirani naye anajenga.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa hoteli yoyote inayojiita ya kijani si sola. Naangalia imejengwa umbali gani, na imeacha mimea ya ufukweni au imefyeka yote ili picha itoke vizuri. Ile mimea inayotambaa mchangani ndiyo inayoshika ufukwe.

Mkuu FundiWaJua, yenu ilikuwaje?

FundiWaJua

Vyumba viko nyuma, nakadiria mita 60 zinafika. Baa na kibanda cha spa hapana, viko mbele kabisa, ila ni vya miti na makuti, vinang'oleka. Sijui sheria inavisemaje. Mimea wameiacha sehemu kubwa.

MpimaArdhi

Wameamua vizuri kuweka vyumba nyuma. Ile ya "vinang'oleka" huwa ni mlango. Inaanza na makuti, mwaka wa tatu kuna msingi wa zege.

Na makuti yenyewe, kwa wanaodhani ni bure: paa la makuti linadumu miaka mitano hivi linabadilishwa, na boriti nyingi za pwani ni mikoko. Kukata mikoko kunahitaji kibali cha TFS, wakala wa misitu. Uliza boriti zimetoka wapi. Wengine siku hizi wanatumia mikaratusi iliyotibiwa, haina sura lakini ina dhamiri.

MzawaWaKimbiji

Nimesoma yote, niseme kama mtu wa huku huku. Hoteli zikija kwetu hatukatai. Wadogo zetu wanapata kazi, barabara inaangaliwa. Lakini kuna mambo matatu yanauma.

La kwanza, samaki. Mashua zetu zinashusha hapa hapa, mbele ya hoteli. Gari la hoteli linakwenda Feri mjini kununua samaki na kuwarudisha na barafu, kwa sababu mhasibu anataka risiti. Samaki anatoka mjini kuja kuliwa mahali alipovuliwa mwenzake. Mkila changu hapo mjue amesafiri kuliko nyie.

La pili, njia. Wavuvi na wanaokota chaza wamepita ufukweni tangu enzi za mababu. Mlinzi anamwambia mama mzima apite juu, wageni wanapumzika. Wakati ufukwe si wake.

La tatu ni taa, na hapa nazisifu baadhi. Ufukwe wa huku kasa wanapanda kutaga. Kasa mmoja anataga mayai zaidi ya mia kwenye shimo moja, yanakaa karibu miezi miwili, vifaranga vinatoka usiku na kukimbilia mwanga wa bahari. Taa nyeupe kali ikiwa nyuma yao wanageuka, wanakwenda kwenye bustani ya hoteli, asubuhi kunguru wanamaliza. Vijana wetu walifundishwa na shirika la Sea Sense kulinda viota. Hoteli moja huku ilizima taa zake zote za upande wa bahari na kuweka za rangi ya kaharabu, chini, baada ya vijana kwenda kuongea. Hiyo ni kazi kubwa kuliko kikaratasi cha taulo na haikugharimu hata masaji kumi.

Wageni pia: usiku mkikuta kasa msimulike tochi, msiwashe simu kupiga picha. Kaeni nyuma yake, kimya. Akistuka anarudi baharini bila kutaga.

MamaWawili

Kumbe. Mimi ningewasha simu.

FundiWaJua

MzawaWaKimbiji, la samaki limenigusa, nilimsifu yule changu kwa moyo wote. La risiti naona lina dawa: kikundi cha wavuvi au BMU (kamati ya kijiji ya kusimamia uvuvi ufukweni) ikiwa na mashine ya risiti, mhasibu hana kisingizio.

MzawaWaKimbiji

Tumeshaliongea. Wanasema pia wanataka samaki wa ukubwa mmoja, sahani zifanane. Bahari haizai hivyo.

Ngoja Nisome

Nimepiga simu kwenye hoteli moja ya aina hii nikatumia swali la mleta uzi. Nikauliza mna jenereta? "Ipo ya dharura tu." Nikauliza dharura inatokea mara ngapi kwa wiki? Dada akasema nisubiri kwenye simu, ukapigwa muziki mpaka salio likaisha.

Mgeni Mtulivu

Swali la haki: kuna cheti chochote cha kuaminika, au kila mtu anajipaka kijani mwenyewe?

FundiWaJua

Vipo. Mfano Green Key, ilianzia Denmark mwaka 1994. Hoteli inakaguliwa maji, umeme, taka, mafunzo ya wafanyakazi, na cheti kinahuishwa, si cha kupewa mara moja ukatundika milele. Kwa hiyo ukiona cheti ukutani soma mwaka. Lakini hoteli ndogo nyingi hazina, ada na makaratasi yanawashinda, na baadhi zinafanya vizuri kuliko wenye vyeti. Mimi naona ziara ya dakika kumi nyuma ya jiko inatosha: jenereta, karo la maji machafu linaishia wapi, taka zinachomwa au zinabebwa, mabaki ya chakula yanakwenda kwa nani. Meneja akikubali kukupeleka bila kwenda kuuliza kwa bosi, tayari ni dalili njema. Yetu mabaki yalikuwa yanachukuliwa na mfugaji wa kuku jirani. Taka nyingine ziliniacha na maswali, kulikuwa na shimo lenye majivu na vichuma vya makopo.

Mgeni Mtulivu

Na usafiri? Nipo Tegeta, sina gari.

FundiWaJua

Mwendokasi au daladala mpaka Kivukoni, pantoni kwa miguu ni shilingi 200, ng'ambo chukua bajaji au piga simu hoteli waje, yetu walikuwa na gari la kuchukua wageni kwa malipo. Mwenye gari apite Daraja la Kigamboni, analipia tozo lakini anaokoa muda. Jumapili jioni pantoni la magari lina foleni ya kukufuta masaji yote mwilini. Ondokeni kabla ya saa 8 mchana au lala mpaka Jumatatu.

KatizaMtaa

Hujajibu la Februari.

FundiWaJua

Kweli. Julai usiku joto la Dar linashuka mpaka nyuzi 19, 20, kusi linavuma, feni unaizima mwenyewe saa 9 usiku unavuta shuka. Februari usiku linabaki 25 na unyevu juu yake, na kibanda kikizibwa upepo na miti, hata feni inapeperusha joto lilelile. Hoteli isiyo na kiyoyozi inauza upepo. Uliza chumba gani kinapokea upepo wa msimu huo, kaskazi au kusi, na ukipate hicho hicho. Vyumba vya mbele si lazima viwe ndivyo.

Mgeni Mtulivu

Masika je? Nimeona bei zinashuka mpaka nusu.

FundiWaJua

Baadhi hufunga kabisa Aprili na Mei, hutumia muda huo kubadilisha makuti. Zinazobaki wazi bei ni nzuri kweli, lakini uliza mambo mawili: barabara ya mwisho kutoka lami mpaka getini ikoje mvua ikinyesha, na mawingu yakikaa siku tatu betri zinajazwa na nini. La pili unalijua jibu. Kama jenereta haikusumbui, nenda, utapata spa nzima peke yako. Beba dawa ya mbu.